Tulinunua jiwe, meza ikafuata

Tuko wanane katika nyumba moja ya kupanga huku Changanyikeni, mwendo wa miguu kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa mwaka mzima wa kwanza sebule yetu ilikuwa na kiti kimoja cha plastiki, ndoo mbili za maji na baiskeli ya mtu aliyekwisha kuhitimu. Leo sebule hiyohiyo ina meza ya pool. Imetumika sana, imechubuka miguuni, ina alama za sigara kwenye mbao za pembeni, lakini mpira ukiuviringisha taratibu kutoka ncha moja unafika ncha ya pili bila kuyumba. Wanachuo wa nyumba nyingine wamekuwa wakituuliza tuliipata wapi, kwa kiasi gani, na kama wao nao wanaweza. Nimechoka kueleza vipande vipande, kwa hiyo naandika yote hapa, pamoja na yale tuliyokosea.

Wazo lilitokana na hesabu. Kila Ijumaa tulikuwa tunakwenda kucheza kwenye baa moja ya jirani, ambako koini moja ya kufungulia mipira ni shilingi 500, na mwenzetu anayesoma uhasibu akaanza kuandika kwenye simu kiasi tunachoacha pale. Ikatokea kwamba kila wiki tunaacha kati ya shilingi 10,000 na 15,000, bila kuhesabu soda na bia. Alipotuonyesha orodha hiyo tulicheka, kisha tukanyamaza, kisha mmoja akasema kwamba fedha hizo zingetosha kununua meza. Ukweli ni kwamba hazikutosha haraka hivyo, maana kwa mwendo ule ingetuchukua karibu mwaka mmoja na nusu kurudisha gharama. Lakini wazo likishaingia katika nyumba yenye vijana wanane, halitoki.

Kosa la kwanza tungelifanya siku ileile kama si mwenzetu wa uhandisi wa ujenzi. Sisi wengine tulikuwa tayari tunatafuta matangazo ya meza kwenye simu. Yeye akachukua tepu akaanza kupima sebule. Meza za pool zinazopatikana katika baa zetu nyingi ni zile ndogo, za futi saba kwa nne kwa nje, na eneo la kuchezea ni kama futi sita kwa tatu, yaani sentimita 183 kwa 91 hivi. Watu hupima kama meza inaingia chumbani, na kwa kweli huingia. Kisichoingia ni fimbo. Fimbo ya kawaida ina urefu wa sentimita 145 hivi, na mchezaji anahitaji urefu huo wote nyuma ya mpira ulioegemea ukingoni, pamoja na nafasi kidogo ya kuvuta mkono. Kwa hiyo chumba kinachofaa ni cha kama mita 4.8 kwa 3.9. Sebule yetu ina mita 4.5 kwa 3.6. Meza ikikaa katikati, inabaki sentimita 134 hivi kila upande, na fimbo ya kawaida inagonga ukuta.

Hapo wengine walikata tamaa. Jibu lilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani: zipo fimbo fupi, za sentimita 122, ambazo huuzwa kwa ajili ya vyumba vidogo kama chetu. Tulipanga kuwa na mbili za urefu wa kawaida kwa mipira iliyo katikati ya meza, na mbili fupi kwa ile iliyoganda ukingoni. Nyumba ambayo hata fimbo fupi haizunguki, na zipo nyingi, ni afadhali inunue bao au karata, kwa sababu kuna mateso katika kuinua fimbo wima kila mara kama unayetwanga kwenye kinu.

Baada ya kipimo tulikwenda kwa mama mwenye nyumba. Tulikwenda watatu, wale wenye sura ya upole.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, wanangu. Kodi?”

“Kodi mwezi wake bado, Mama. Tumekuja kuomba ruhusa ya kuweka meza ya pool pale sebuleni.”

Alituangalia mmoja mmoja. “Ile ya walevi?”

Simlaumu. Katika masikio ya wazazi wengi pool ni jina lingine la uvivu, na mwaka 2016, viongozi wa serikali walipopiga marufuku vijana kucheza pool saa za kazi, walikuwa wanasema jambo ambalo nyumbani kwetu lilishasemwa miaka mingi. Mimi nilijaribu kumweleza kwamba hata vyuo vikuu vimewahi kuwa na mashindano yake ya pool, na nilikosea kutaja kwamba yalidhaminiwa na bia ya Safari Lager. Mwenzangu akanikanyaga mguu. Mwishowe alikubali kwa masharti matatu: asione mtu wa nje akilipa fedha kucheza, kelele ziishe saa nne usiku, na kigae chochote kitakachopasuka tukilipe sisi. “Sitaki nyumba yangu igeuke kilabu,” alisema, na tukaondoka tukishukuru.

Tulichangishana shilingi 100,000 kila mmoja, zikapatikana 800,000, tukaanza kuzunguka.

Meza ya kwanza tuliyoiona ilikuwa Mbezi, nyumbani kwa mtu, na ilikuwa nzuri kiasi cha kutia aibu. Kitambaa kipya cha buluu, mbao zimepigwa vanishi, mashimo yana nyavu nyeupe. Bei yake ilikuwa 700,000 na muuzaji hakuwa na haraka. Wenzangu wawili walikwisha kukubali mioyoni. Mimi nilichukua mpira mmoja nikausukuma taratibu sana kwa kidole, kwa mwendo ambao mpira unakaribia kusimama, kwa sababu mpira unaokwenda kasi huficha kasoro zote za meza. Ulikwenda nusu ya njia, ukaanza kujikunja kuelekea kushoto, ukaingia kwenye shimo la kati kama umeitwa. Tukarudia upande mwingine, ukafanya vilevile kinyume. Tukainama chini na tochi ya simu. Chini ya kitambaa kile kizuri kulikuwa na ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, na karibu na shimo la kati la upande wa pili ubao ulikuwa umefura kwa maji, labda ya mvua, labda ya kinywaji kilichomwagika. Ungeweza kuuona ukiwa umenyanyuka na kuchanika tabaka kama mkate uliolowa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba meza ya pool si samani. Ni jiwe lenye miguu. Meza nzuri ina kitako cha sleti, jiwe lilelile ambalo zamani wanafunzi walikuwa wakiliandikia shuleni kama kibao, na sababu ya kutumika kwake ni kwamba hukatwa na kusuguliwa likawa tambarare kabisa, halipindi kwa joto wala halifuri kwa unyevu. Kwa mji kama Dar es Salaam, ambao hewa yake inaweza kulowesha chumvi ndani ya kopo, sifa hiyo ya mwisho ina thamani kuliko vanishi yoyote. Kitambaa kinabadilishwa, raba za kingoni zinabadilishwa, miguu inaundwa upya na seremala wa mtaani. Jiwe likipasuka au ubao ukifura, hakuna fundi wa kukusaidia kwa bei ya mwanachuo. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, nunua jiwe zuri lililovaa matambara, usinunue ubao uliovaa suti.

Meza ya pili tuliipata Sinza, katika baa, na ilikuwa ya jiwe kweli. Meneja wa baa alitaka 600,000 taslimu, jioni hiyohiyo, na haraka yake ndiyo iliyotuokoa. Meza za pool katika baa mara nyingi si mali ya baa: kuna mtu mwenye meza zake, anaziweka katika baa mbalimbali, anakuja na ufunguo kila baada ya muda, anafungua kisanduku cha koini na kugawana mapato na mwenye baa. Mwenzetu mmoja akauliza, kwa upole tu, ufunguo wa kisanduku uko wapi. Meneja akasema umepotea. Tukauliza tena kama tunaweza kupata karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Akasema mambo madogo kama hayo hayahitaji serikali. Tukamshukuru tukaondoka. Siwezi kuapa kwamba meza ile haikuwa yake, lakini mtu anayeuza kitu cha zaidi ya kilo 200 bila ufunguo na bila karatasi ni vigumu kumwamini.

Ya tatu ndiyo yetu. Ilikuwa Kimara, katika banda la nyuma la mzee mmoja ambaye alifunga biashara yake ya vinywaji na kubaki na viti, friji mbovu na meza. Kitambaa kilikuwa kimechanika sehemu mbili, na mahali pa kuanzia mchezo palikuwa na kovu la kuungua. Miguu ilikuwa na vumbi la kuku. Mzee alitukaribisha, akatupa bakuli la mipira, akaketi kwenye ndoo na kututazama tunavyoikagua, akiwa na uso wa mtu ambaye amekwisha kuona wanunuzi wengi wanaokuja kushangaa na kuondoka.

Tulianza chini. Mmoja alilala sakafuni na tochi, akafuata jiwe lote kutoka kona hadi kona, akitafuta ufa, hasa kuzunguka mashimo na mahali skrubu zinapopita, kwa sababu hapo ndipo jiwe huwa jembamba na dhaifu. Aligonga kwa sarafu kila baada ya shubiri moja, na mlio ukawa mkavu na uleule kote. Kisha tukageukia mbao: tulizichoma kwa ncha ya bisibisi kwenye viungo vya miguu na sehemu zilizogusa ukuta, tukitafuta mchwa. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa kidogo kwa ndani. Mzee hakukataa. “Huo mguu muupe seremala, wajukuu zangu. Ningekuwa mwongo kama ningesema mzima.” Kwangu mimi, kauli hiyo ilikuwa na uzito kuliko risiti.

Baada ya hapo raba. Raba ya kingoni iliyo hai ukiibonyeza kwa kidole gumba inakubali kidogo kisha inarudi. Iliyokufa imekuwa ngumu kama mbao, na mpira ukiigonga hutoa mlio wa “ko” na kubaki palepale. Shirikisho la dunia la pool, WPA, linataka mpira uliopigwa kwa nguvu kwa urefu wa meza usafiri angalau urefu wa meza mara nne, ukigonga na kurudi. Meza yetu ilifika mara tatu na nusu hivi. Kwa sebule ya Changanyikeni hiyo inatosha sana. Tukakagua pia kimo cha ncha ya raba, ambayo inatakiwa iguse mpira juu kidogo ya nusu yake. Ikiwa chini mno, mpira unaruka nje ya meza na kumfuata mtu aliyeketi na sahani yake.

Mipira ilikuwa kumi na sita, yote ikiwepo, miwili imemeguka kidogo. Nilipoishika nilikumbuka jambo ambalo mhadhiri mmoja alituambia kuhusu biashara ya Unguja: kabla ya kupatikana vitu vya kutengeneza kiwandani, mipira ya michezo ya namna hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe laini za Afrika Mashariki, zilizobebwa na wapagazi hadi Bagamoyo na kuvushwa Unguja, zilikuwa zinapendwa sana Ulaya na Marekani kwa kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mmarekani John Wesley Hyatt alitengeneza seluloidi, plastiki ya mwanzo, akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe. Siku hizi mipira mizuri ni ya resini ya fenoli, plastiki ambayo ni ngumu na haichubuki upesi, na ile ya bei ndogo ni ya poliesta. Ya mzee ilikuwa poliesta. Tulisema sawa.

Bei. Mzee alianza na 900,000. Tulitaja mguu ulioliwa, kitambaa kilichochanika na kovu, bila kuidharau meza yenyewe, kwa sababu kumwambia mtu mzima kwamba kitu chake ni kibovu ni njia ya haraka ya kufunga mazungumzo. Tukafika 650,000, na tukakubaliana kwamba karatasi itaandikwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, ikiwa na majina yetu, namba za vitambulisho na maelezo ya meza pamoja na ufunguo wa kisanduku cha koini. Mzee aliutoa ufunguo huo kwenye kishada cha funguo zake mwenyewe, akaufuta kwa shati, akatukabidhi.

Sasa usafiri, ambao tuliudharau. Tulifika na kirikuu kimoja, gari dogo la mizigo, na wazo kwamba watu wanne watainua meza na kuiweka nyuma. Mwenzetu wa uhandisi alikuwa amekwisha kufanya hesabu kwenye kona ya daftari: jiwe la mita 1.9 kwa mita 1, unene wa sentimita 2, kwa uzito wa sleti wa kama kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo, linakuwa na zaidi kidogo ya kilo 100 peke yake. Tulimcheka mpaka tuliposhika. Meza haikunyanyuka hata kidole. Ikabidi ivuliwe: kwanza mbao za kingoni pamoja na raba zake, kisha kitambaa, kisha skrubu za jiwe, kisha jiwe lenyewe, na mwishowe sanduku la chini na miguu. Tulipiga picha kila hatua, na skrubu za kila sehemu tukaziweka katika kifuko chake cha plastiki chenye maandishi. Hilo ni jambo pekee tulilofanya vizuri siku hiyo bila kuambiwa na mtu.

Jiwe halibebwi likiwa limelala. Mzee ndiye aliyetuzuia. Linabebwa likiwa limesimama kwa ubavu kama kioo cha dirisha, kwa sababu likilala na kushikwa kwenye ncha tu, uzito wake wenyewe unaweza kulivunja katikati. Tuliwaongeza vijana wawili wa kubeba, tukalisimamisha ndani ya kirikuu likiwa limeegemea godoro, likafungwa kamba, na watu wawili wakakaa pembeni kulishikilia kutoka Kimara hadi Changanyikeni kupitia matuta yote ya barabara. Godoro lilikuwa la mwenzetu aliyekuwa kwenye mtihani na hakuulizwa. Bado anatukumbusha.

Kuisimika kulichukua Jumapili nzima. Fundi alikuja na pima maji mbili, moja ndefu na moja fupi, na hakugusa kitambaa mpaka aliporidhika na jiwe. Aliweka pima maji kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari kutoka kona hadi kona, akirekebisha kila mguu kwa vipande vya kigae na plaiwudi nyembamba, maana sakafu yetu inateremka kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke. Sisi tuliokaa humo mwaka mzima hatukuwahi kujua kwamba inateremka. Uzuri wa jiwe la kipande kimoja ni kwamba kazi inaishia hapo. Meza kubwa zenye jiwe la vipande vitatu huhitaji kulinganishwa kipande kwa kipande na viungo kuzibwa kwa nta.

Kitambaa tulikinunua Kariakoo, kijani, chenye manyoya mafupi yanayolala upande mmoja. Fundi alisisitiza yalale kuelekea upande ambako mipira inapangwa, na tangu hapo tunakipiga brashi kwa kufuata upande huo tu. Kitambaa hakifutwi kwa maji. Mtu akimwaga chai, na amekwisha kumwaga, tunabandika taulo kavu juu na kuliacha linywe.

Gharama zote zilikuwa hivi: meza 650,000, kirikuu 70,000, wabebaji 40,000, kitambaa na gundi 110,000, na fundi 50,000 pamoja na kazi ya mguu. Jumla 920,000. Tulikuwa na 800,000, kwa hiyo kila mmoja akaongeza 15,000, na hapo ndipo minong’ono ilipoanza, kwa sababu kuna watu wawili ambao hawakuwa na 15,000 wiki hiyo na hawakupenda kusema hivyo mbele ya wenzao. Ningeanza upya, ningehesabu bei ya meza kisha niongeze nusu yake kabla ya kumwomba mtu yeyote mchango. Na fimbo hazimo humo. Mzee alitupa tatu za urefu wa kawaida, moja imepinda; zile fupi mbili tulizinunua baadaye.

Tuliandika pia makubaliano ya ukurasa mmoja, ambayo wengine waliyaona ni ya kujisumbua. Anayehama kabla ya mwaka kuisha anarudishiwa nusu ya mchango wake na anayechukua chumba chake. Baada ya hapo hakuna marejesho, meza ni ya nyumba. Hakuna kucheza kwa kuwekeana fedha. Hapo palikuwa na mabishano makali, na bado naamini tulikuwa sahihi, kwa sababu madeni ya pool kati ya watu wanaotumia jiko moja hayaishii kwenye meza.

Kisanduku cha koini tulitaka kukitoa, fundi akatushauri tukiache. Sasa ndicho kinachotawala nyumba. Kila mchezo ni koini moja, ambayo mwekahazina wetu anaiuza shilingi 200, na fedha hizo zinanunua chaki, ncha za ngozi za fimbo, na zikibaki zinaingia kwenye LUKU ya umeme. Mama mwenye nyumba alikataza fedha za watu wa nje. Zetu wenyewe hakuzitaja. Wiki ya mitihani inapoanza, mwekahazina anaiacha mipira yote tumboni mwa meza na kuondoka na koini mfukoni.

Kuhusu tumbo hilo, nieleze tulivyochekwa na fundi. Mwezi wa pili mpira mweupe ulipotea. Nadhani ulitoka na mtoto wa jirani, lakini sina ushahidi. Nilikwenda Kariakoo nikanunua mwingine, mzuri, unaong’aa, ukubwa sawasawa na ile ya rangi. Mchezo wa kwanza, mtu akauingiza shimoni kwa bahati mbaya, nasi tukasubiri urudi kwenye kidirisha chake kama kawaida. Haukurudi. Tuliinama, tukatikisa, tukaingiza koini nyingine, ikatoka mipira yote pamoja na ule mweupe katikati yao. Ikawa hivyo kila mara. Fundi aliposikia kwenye simu alicheka kwanza, kisha akaeleza: katika meza za namna yetu mpira mweupe ni mdogo kidogo kuliko mingine, kama milimita 48 dhidi ya 51, na ndani kuna reli mbili zilizoachana kwa kiasi ambacho mdogo unadondoka kati yake na kurudi kwa mchezaji, wakati mikubwa inapita juu na kwenda kufungiwa. Mimi nilikuwa nimenunua mpira ambao meza haikuweza kuutofautisha. Nilirudi dukani nikiwa na rula.

Kosa letu kubwa zaidi lilijitokeza polepole. Tuliiweka meza karibu na dirisha la mashariki kwa sababu ya mwanga, na kila asubuhi jua linapiga upande mmoja wa raba kwa saa tatu. Jua huikausha raba. Baada ya miezi saba upande huo umeanza kutoa ule mlio wa “ko”, na wachezaji wajanja wa nyumba hii wamekwisha kujifunza kuutumia: wanapeleka mpira pale wanapotaka ufe. Tumeweka pazia nene na tunaifunika meza kwa shuka mchana. Raba mpya tumekwisha kununua, na fundi amesema atakuja Jumamosi. Hakusema ni Jumamosi ipi.